Michoro 41 na Kifungu cha 6: Uchambuzi wa Kisa cha Masharti ya Matumizi ya Tovuti

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mchoraji wa kanga wa Mombasa aliyepakia michoro yake katika tovuti ya kigeni, kisha akaiona ikiuzwa katika duka ambalo hakuwahi kulipelekea kazi. Nilimshauri tangu wiki ya pili ya mgogoro hadi ulipofungwa, naye ameridhia kisa chake kiandikwe kwa manufaa ya wengine, kwa sharti kwamba jina lake, jina la tovuti na sura ya michoro yenyewe visitajwe. Kwa hiyo nitamwita Bi. M., mpwa wake nitamwita Z., na mwenye tovuti nitamwita Kampuni. Tarehe nimezieleza kwa siku na mwezi bila mwaka, kwa kuwa kisa chote kimesimama juu ya nini kilitangulia na nini kilifuata.

Usuli

Bi. M. amechora kanga kwa zaidi ya miaka 20, na baba yake alichora kabla yake. Katika biashara hiyo mchoraji huleta mchoro wenye mji (sehemu ya katikati), pindo (ukingo) na jina (maneno yanayoandikwa kwenye kanga), mfanyabiashara humlipa mara moja, mchoro hupelekwa kiwandani, mara nyingi India, na tangu siku hiyo mchoraji hana lake tena. Anayejulikana ni mwenye duka. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, zinatambulika hadi leo kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa kwenye kitambaa, na mnunuzi makini huyatafuta maneno hayo kabla ya kulipa. Jina la aliyekaa na penseli haliandikwi.

Kampuni, ambayo makao yake yako California, ilikuwa ikiuza mifuko, foronya na vifuniko vya simu vilivyochapwa michoro ya watu wa nchi mbalimbali, na ilimlipa mchoraji asilimia 10 ya bei ya kila kilichouzwa. Kifungu cha 6 cha masharti yake ya matumizi kilianza kwa sentensi iliyosema kwamba mchoraji anabaki kuwa mmiliki wa kila anachopakia. Z. aliisoma sentensi hiyo, akamfasiria: "Shangazi, wameandika kwamba wewe ndiye mwenyewe." Bi. M. aliniambia kuwa katika maisha yake yote ya kazi hiyo ilikuwa mara ya kwanza mfanyabiashara kukiri kwa maandishi kwamba mchoro ni wake. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi waliosikia habari zake walimlaumu kwa kutosoma, ilhali alisoma. Alisoma sentensi moja iliyomgusa, akaishia hapo.

Akaunti ilifunguliwa mwezi wa Januari kwa simu ya Z. Ukurasa wa usajili ulikuwa kwa Kiswahili: mahali pa jina, mahali pa barua pepe, mahali pa neno la siri, kitufe kikubwa cha rangi ya chungwa, na chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, maneno yaliyosema kuwa kwa kuendelea mtumiaji anakubali masharti ya matumizi na sera ya faragha. Hapakuwa na kisanduku cha kutia alama. Masharti yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza tu, na tulipoyachapisha baadaye yalijaza kurasa 18.

Mambo yalivyokwenda

Kati ya Januari na Agosti Bi. M. alipakia michoro 41. Mauzo yalikuwa madogo lakini hayakukatika, na mara mbili alitumiwa pesa zake baada ya salio kuvuka dola 50, kima cha chini ambacho Kampuni ilikubali kulipa.

Tarehe 9 Machi iliingia barua pepe yenye kichwa kilichosema kwamba masharti yameboreshwa. Ilijichuja yenyewe kwenye folda ya matangazo, ikakaa kati ya punguzo la viatu na punguzo la tikiti za ndege, na haikufunguliwa. Ilieleza kuwa masharti mapya yangeanza kutumika tarehe 21 Machi, na kwamba atakayeendelea kutumia tovuti baada ya siku hiyo atahesabiwa kuwa ameyakubali. Bi. M. aliendelea kupakia michoro kama kawaida.

Mwezi wa Septemba ndugu yake aishiye Doha alimtumia picha ya mfuko wa kitambaa aliouona katika duka la mtandaoni lisilo na uhusiano wowote wa wazi na Kampuni. Mchoro ulikuwa wake. Tena jina la kanga, ile sentensi iliyo chini ya mji, lilikuwa limekatwa ili litoshe upana wa mfuko. Sitalitaja jina lenyewe, lakini msomaji achukue mfano wa jina linalofahamika na wengi, "Usisafirie nyota ya mwenzio", kisha mtu akate herufi tatu za mwanzo. Kinachobaki kinamhimiza mvaaji afanye lile ambalo kanga ilikuwa ikimkataza. Hivyo ndivyo ilivyotokea, na kwa mtu aliyekulia katika nyumba ambamo jina la kanga huchaguliwa kwa siku nzima kabla ya kupelekwa kama zawadi, jambo hilo lilimuuma kuliko pesa.

Aliandika malalamiko kwa Kampuni. Siku mbili baadaye akajibiwa kwa upole kwamba duka lile ni mshirika wa Kampuni, kwamba kifungu cha 6 kinairuhusu Kampuni kuwapa washirika leseni ya kutumia michoro, na kwamba matumizi ya washirika hayana mrabaha, yaani mchoraji halipwi chochote kwa kinachouzwa. Usiku ule ule Bi. M. aliingia kwenye mipangilio ya akaunti na kuifuta. Alitazamia kwamba akaunti ikiondoka, ruhusa nayo itaondoka.

Haikuondoka. Masharti yalisema kuwa leseni iliyokwisha kutolewa kwa washirika inaendelea hata baada ya akaunti kufungwa. Yalisema pia kuwa salio lisilofikia dola 50 hupotea akaunti inapofungwa, na salio lake lilikuwa dola 38.60. Lililoumiza zaidi ni kwamba pamoja na akaunti ilipotea orodha ya michoro na siku ambazo kila mmoja ulipakiwa. Wiki iliyofuata Z. alimleta kwangu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa upande wetu ulikuwa kosa, na kosa hilo ni langu. Nilifungua masharti yaliyokuwa kwenye tovuti siku hiyo, nikasoma kifungu cha 6 kama kilivyoandikwa, nikamwambia Bi. M. kwamba sioni njia. Nilisoma toleo la Septemba ilhali yeye aliingia Januari. Ilipita wiki nzima kabla sijajiuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: je, haya ndiyo maneno aliyoyakubali?

Tulipokwenda kwenye kumbukumbu za Internet Archive, maktaba ya kidijitali inayohifadhi nakala za kurasa za wavuti tangu miaka ya 1990, tulikuta nakala ya masharti iliyohifadhiwa mwezi wa Februari. Tulikaa alasiri mbili na matoleo yote mawili mezani, Z. akisoma Kiingereza kwa sauti, mimi nikifasiri, na Bi. M. akitusimamisha kila neno lilipomtatiza. Katika toleo la Februari kifungu cha 6 kiliipa Kampuni ruhusa ya kuonyesha na kuchapa michoro kwa ajili ya kuendesha huduma yake na kuitangaza, basi. Neno "washirika" halikuwemo. Liliingizwa katika toleo la Machi, pamoja na ruhusa ya kurekebisha michoro na ya kuikabidhi leseni kwa wengine.

Ugunduzi wa pili ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Kifungu cha 14 cha toleo la Februari, kilichohusu mabadiliko ya masharti, kiliahidi kwamba mtumiaji ataarifiwa kwa barua pepe siku zisizopungua 30 kabla ya mabadiliko makubwa kuanza. Barua pepe ilitumwa tarehe 9 Machi na mabadiliko yakaanza tarehe 21. Hizo ni siku 12. Kwa ahadi yake yenyewe, Kampuni haikuweza kumfunga Bi. M. kwa masharti mapya kabla ya tarehe 8 Aprili.

Kwa hiyo sasa tarehe ya kila mchoro ilikuwa kila kitu, na orodha ilikuwa imefutwa. Hapa tuliitegemea Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, ambayo humpa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine, na ambayo inawagusa hata wasio na makao Kenya iwapo wanachakata taarifa za watu waliopo nchini. Tuliandika ombi fupi: taarifa za akaunti, kumbukumbu za kupakia, taarifa za mauzo. Hatukutaja mgogoro. Siku 24 baadaye Kampuni ilituma faili lenye kila tukio na saa yake. Daftari la Bi. M. lilionyesha michoro mitatu iliyopakiwa saa 3 asubuhi ya tarehe 21 Machi. Kumbukumbu za Kampuni ziliiweka saa 5 usiku wa tarehe 20, kwa sababu Mombasa wakati huo iko saa 10 mbele ya California. Saa ya Kampuni ilimfaa Bi. M. kuliko saa ya nyumbani kwake, nasi tuliipokea kama ilivyo.

Hesabu ikawa hivi. Michoro 22 ilipakiwa kabla ya masharti mapya kuanza, michoro 5 ilipakiwa kati ya tarehe 21 Machi na tarehe 8 Aprili, na michoro 14 ilipakiwa baadaye. Mchoro wa ule mfuko wa Doha ulikuwa wa mwezi wa Mei.

Ilitubidi kuchagua hoja, na hoja iliyovutia zaidi ndiyo tuliyoiacha. Z., aliyekuwa amesoma habari za kesi za Marekani, alitaka tudai kwamba Bi. M. hakukubali masharti yoyote, kwa kuwa maneno ya kijivu chini ya kitufe si makubaliano. Hoja hiyo ina mizizi. Mwaka 2002, katika kesi ya Specht dhidi ya Netscape, mahakama ya rufaa ilisema, ikitumia sheria ya California, kwamba watu waliopakua programu hawakufungwa na masharti yaliyowekwa chini ya kitufe, mahali ambapo mtu angeyaona tu kama angeteremsha ukurasa. Mwaka 2022, katika kesi ya Berman dhidi ya Freedom Financial Network, mahakama ya rufaa ya eneo linalojumuisha California ilikataa kuwafunga watumiaji kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo hata viungo vyake havikujitokeza kwa rangi. Ukurasa aliousajilia Bi. M. ulifanana mno na ule wa pili.

Lakini upanga huo ungekata pande zote mbili. Kama hapakuwa na makubaliano, basi ahadi ya siku 30 iliyomo ndani ya makubaliano hayo haikuwepo pia, wala kima cha asilimia 10, wala ukomo wa leseni ya Februari. Bi. M. alikuwa amepokea malipo mara mbili chini ya masharti yale yale. Vilevile Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ingawa inataka maandishi yenye saini kwa uhamishaji wa hakimiliki na kwa leseni ya kipekee, inakubali kwamba leseni isiyo ya kipekee inaweza kuwa ya mdomo au hata kueleweka kutokana na mwenendo wa mtu. Aliyepakia michoro 41 kwa hiari yake ili iuzwe angepata shida kusema hakuruhusu chochote. Tukaamua kusimama ndani ya mkataba wa Februari na kuidai Kampuni iuheshimu.

Njia ya ilani ya kuondoa maudhui, inayotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki katika zama za kidijitali, tuliizingatia pia. Mtoa ilani hutamka kwamba anaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayakuruhusiwa, na anayepotosha huku akijua anaweza kudaiwa fidia. Kwa michoro 14 ya mwisho tusingeweza kutamka hivyo kwa dhamiri safi. Kuhusu mahakama, masharti yalitaka kila mgogoro uende kwenye usuluhishi San Francisco, mtu mmoja mmoja. Sheria ya Kulinda Walaji ya Kenya ya mwaka 2012 inabatilisha sharti la usuluhishi pale linapomzuia mlaji kwenda Mahakama Kuu, lakini Bi. M. alikuwa upande wa wauzaji, na hata angeshinda Mombasa, Kampuni haikuwa na mali Kenya ya kukamatwa. Gharama ingemeza haki.

Mwishoni tuliandika barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe tu: toleo la Februari, kifungu cha 14, barua pepe ya tarehe 9, na kumbukumbu za Kampuni yenyewe. Ukurasa wa pili ulieleza aya kwa aya maana ya jina lililokatwa, na ukataja kwamba sheria ya Kenya humpa msanii haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima, haki inayobaki kwake hata baada ya kuuza zile za kiuchumi. Tulijua kwamba sheria ya Marekani hailindi kazi ya aina hii kwa kiwango hicho. Ulinzi wake wa mwaka 1990 unahusu kazi chache za sanaa ya kutazamwa, na hauingii kwenye bidhaa za biashara. Tuliandika hata hivyo, kwa sababu ndilo lililokuwa likimuuma, na barua isiyolitaja isingekuwa yake.

Matokeo

Jibu la ukurasa wa pili lilitangulia la ukurasa wa kwanza. Siku tatu baada ya barua kufika, mfuko uliokatwa jina uliondolewa, na mtu wa Kampuni aliandika kwamba hawakujua maandishi yale yana maana. Walidhani ni pambo. Kuhusu tarehe walichukua wiki tano. Walikubali kwamba michoro 22 ya mwanzo haikuwa chini ya leseni mpya, na baada ya barua nyingine moja wakakubali ile 5 ya kati pia, bila kukiri kosa. Michoro hiyo 27 iliondolewa kwa washirika, ingawa bidhaa zilizokwisha kuchapwa ziliruhusiwa kuuzwa kwa siku 90. Dola 38.60 zililipwa. Fidia ya mauzo yaliyopita haikulipwa, na kwa kuwa washirika hawakutoa hesabu, hatujui ingekuwa kiasi gani.

Michoro 13, yaani ile 14 ya mwisho ukitoa ule wa mfuko wa Doha, imebaki kwa washirika hadi leo.

Uchambuzi: maneno matano ya kifungu cha 6

Kifungu cha 6 cha toleo jipya kilitaja leseni "isiyo ya kipekee, ya duniani kote, isiyo na mrabaha, inayoweza kukabidhiwa kwa wengine, na isiyobatilika". Maneno haya hukaa pamoja katika masharti ya tovuti nyingi hivi kwamba msomaji huyapita kama mlolongo wa sifa za heshima mwanzoni mwa barua. Kila moja lina kazi yake, na mzigo wake haulingani na wa mwenzake.

Kilichotusaidia kumweleza Bi. M. ni minazi. Pwani ni jambo la kawaida shamba kuwa la mtu mmoja na minazi kuwa ya mwingine, na mwenye minazi kumruhusu mkwezi aangue. Mnazi haubadiliki mwenyewe kwa kukwewa. "Isiyo ya kipekee" ni kusema unaweza kumwita mkwezi mwingine ukitaka, nalo ni neno la kumnufaisha mchoraji. Lisipokuwepo ndipo pa kushtuka. "Ya duniani kote" ni la lazima kwa tovuti yoyote inayofunguka Lamu na Lisbon kwa wakati mmoja. "Isiyo na mrabaha" halina ubaya katika tovuti ya kuonyesha picha kwa marafiki, ila katika tovuti ya biashara lataka liangaliwe limewekwa wapi, maana hapa lilifuta kwa washirika ile asilimia 10 iliyoahidiwa katika kifungu kingine.

Mzigo uko katika mawili ya mwisho. "Inayoweza kukabidhiwa kwa wengine" ni mkwezi kupewa ruhusa ya kuleta wakwezi asiowajua mwenye minazi, nao wapande bila kubisha hodi. "Isiyobatilika" ni mwenye minazi kukosa uwezo wa kusema basi. Yakikutana, mchoraji anabaki na umiliki kamili, kama sentensi ya kwanza ilivyoahidi bila uongo wowote, na hana amri yoyote juu ya nani anatumia na hadi lini. Bi. M. aliponyamaza kwa muda baada ya maelezo haya, alisema, "Kwa hiyo mnazi wangu, na kivuli changu, nazi zao." Sijapata tafsiri bora ya kifungu hicho.

Neno moja dogo lilitangulia yote hayo katika toleo la Februari na likaondolewa Machi: "kwa ajili ya". Leseni yenye lengo, kwa ajili ya kuendesha huduma, ina ukuta. Leseni bila lengo ni uwanja mtupu. Sasa ninaposoma masharti ya tovuti yoyote inayopokea kazi za watu, nalitafuta neno la lengo kabla ya kitu kingine chochote.

Uchambuzi: mabadiliko ya upande mmoja

Masharti mengi ya tovuti yana kifungu kinachoruhusu mwenye tovuti kuyabadilisha, na watu hudhani kifungu hicho hakina mwisho. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya California na majirani zake, katika kesi iliyohusu kampuni ya simu ya Talk America, ilisema kwamba kubandika masharti mapya kwenye tovuti bila kumjulisha mteja hakumfungi, na kwamba mteja hana wajibu wa kurudi kila mara kuchungulia kama kuna kilichobadilika. Bi. M. alikuwa katika hali dhaifu zaidi kwa sababu alijulishwa. Barua pepe isiyofunguliwa bado ni barua iliyofika, na hilo ndilo lililotuangusha kwenye michoro 14. Kilichotuokoa kwenye mingine ni kwamba Kampuni ilivunja utaratibu iliojiwekea yenyewe, na utaratibu huo uliandikwa katika kifungu ambacho hata mimi, ninayefanya kazi hii, nilikuwa na mazoea ya kukiruka.

Shinikizo la umma ni njia nyingine. Desemba 2012 Instagram ilitangaza masharti mapya ambayo watumiaji, wakiwemo wapigapicha wengi, waliyaelewa kama ruhusa ya kutumia picha zao katika matangazo bila malipo, na ndani ya siku chache ikarudisha maneno ya awali ya sehemu ya matangazo. Njia hiyo ilihitaji kishindo cha watu wengi kwa wakati mmoja. Bi. M. alikuwa peke yake, na karatasi zilimfaa kuliko kelele.

Uchambuzi: kufuta akaunti, lugha, na lawama

Kufuta akaunti kwa hasira lilikuwa kosa lililogharimu zaidi kuliko kutosoma. Kulikuwa na kitufe cha kupakua taarifa zote ukurasa ule ule, juu kidogo ya kitufe cha kufuta. Dakika 5 zingetuokolea siku 24 za kusubiri, na salio lisingeingia hatarini. Isitoshe, kwa toleo la Februari mwenye akaunti aliweza kuondoa mchoro mmoja mmoja na leseni ya mchoro huo ikakoma baada ya siku 30; aliyefunga akaunti yote aliangukia kifungu kingine, kisicho na ukomo huo.

Kuhusu lugha, nina maoni makali. Kampuni iliweza kutafsiri kitufe, salamu, matangazo ya punguzo na hata ujumbe wa pongezi kwa mauzo ya kwanza, ikaacha kurasa 18 zinazoamua hatima ya kazi ya mtu katika lugha ambayo sehemu kubwa ya wachoraji wake wa huku hawaisomi kwa kiwango cha mkataba. Mwishoni mwa kurasa hizo kulikuwa na sentensi isemayo kwamba tafsiri yoyote ikitofautiana na Kiingereza, Kiingereza ndicho kitakachotawala. Tafsiri ambayo haikuwepo. Kumfungulia mtu mlango kwa lugha yake, kisha kumwandikia masharti ya kutoka kwa lugha nyingine, si haki, hata pale sheria inaporuhusu.

Na kuhusu lawama: mwaka 2017 kampuni ya Purple ya Uingereza, inayotoa huduma ya Wi-Fi ya umma, iliingiza kwa makusudi katika masharti yake sharti la mtumiaji kufanya kazi za kijamii kwa saa 1,000, ikiwemo kusafisha vyoo. Katika wiki mbili zaidi ya watu 22,000 walikubali, na mtu mmoja tu ndiye aliyeligundua. Bi. M. alisoma walau sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa ya kweli.

Michoro yake mipya haipakii tena ikiwa na jina. Hupakia mji na pindo tu, kwa picha isiyotosha kuchapwa kwa ukubwa wa kanga, na jina hulihifadhi katika daftari la karatasi, pamoja na tarehe na nakala iliyochapishwa ya masharti ya siku hiyo. Hivi karibuni Z. alimsomea kifungu kizima cha leseni cha tovuti nyingine, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Walipofika kwenye "isiyobatilika", Bi. M. alimwambia afunge simu.